Mbegu Isiyoota Mpaka Ionje Theluji

Kila mwisho wa Agosti, theluji ya mwaka uliopita ikiwa imebaki mabaka mabaka kwenye vivuli vya miamba, wafanyakazi wa hifadhi za milima ya magharibi mwa Marekani huanza kazi ambayo mpita njia haielewi kwa kuitazama tu. Hupiga magoti kwenye changarawe, hushika mashina membamba ya kijani na kukata vichwa vyake vya kahawia kimoja kimoja kwa mkasi, kisha hutia vichwa hivyo kwenye mifuko ya karatasi. Pale hakuna ua la kuvutia wala tunda la kula. Mtalii mwenye kamera shingoni huwa ameyafuata maua mekundu na ya njano yaliyotanda bondeni, na mmea huu anaukanyaga bila habari.

Mmea wenyewe ni junkasi, jenasi ya Juncus katika vitabu vya wanabotania. Kwa jicho la haraka ni nyasi tu. Lakini mtu akichuma shina moja na kuliviringisha kati ya kidole gumba na cha shahada, tofauti inajitokeza mara moja: ni la mviringo, laini, halina vifundo vya nyasi wala kingo tatu ambazo kila mkulima wa Afrika Mashariki anazijua kwa kung'oa ndago shambani. Ukilipasua kwa ukucha, ndani kuna uboho mweupe, mwepesi.

Katika milima ya Rocky na Cascade, aina tatu ndizo zinazotajwa sana na watu wa vitalu. Ya kwanza ni Juncus drummondii, inayobeba jina la Thomas Drummond, Mskoti aliyekusanya mimea katika milima ya Rocky upande wa Kanada miaka ya 1820 akiwa kwenye msafara wa John Franklin. Ya pili ni Juncus parryi, iliyoelezwa kitaalamu mwaka 1866 na George Engelmann, daktari wa mji wa St. Louis aliyetibu wagonjwa na huku akiandika juu ya junkasi za Amerika Kaskazini. Ya tatu, Juncus mertensianus, ina kichwa kimoja cheusi-kahawia na hupenda kingo za vijito. Zile mbili za mwanzo zina tabia nyingine. Huota kwenye changarawe na miteremko ambako theluji hukawia kuondoka, mahali ambapo mimea mingi hushindwa kabisa.

Tabia hiyo ndiyo inayowapigisha watu magoti. Udongo wa milima mirefu ukishavuliwa majani yake, mvua na upepo huuchukua upesi kuliko unavyotengenezwa. Junkasi ni miongoni mwa mimea inayothubutu kusimama mwanzo kwenye ardhi iliyobaki uchi. Mizizi yake hushikana kwenye tabaka jembamba la udongo, mashina yaliyokauka hunasa vumbi na mbegu za wengine, na baada ya miaka mimea mingine hupata pa kujishika.

Uchi huo ulitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ulitokana na mapenzi ya watu kwa milima hiyohiyo. Katika Hifadhi ya Taifa ya Mount Rainier, kwenye eneo la Paradise lililo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, mwaka 1931 ulifunguliwa uwanja wa gofu wenye mashimo tisa katikati ya mbuga za maua. Miaka miwili baadaye, tarehe 15 Julai 1933, ilizinduliwa barabara ya Going-to-the-Sun katika Hifadhi ya Glacier, jimbo la Montana. Barabara hiyo ya kilomita 80 hivi hupanda hadi mpito wa Logan, mita 2,025, na iliwafikisha watu kwa gari mahali palipokuwa pakifikiwa kwa miguu na farasi. Tangu hapo kila gari linaposimama, abiria hushuka na kutoka nje ya njia hatua chache kupiga picha. Hatua chache za mtu mmoja si kitu. Za maelfu ya watu, kiangazi baada ya kiangazi, huacha kovu.

Aliyelipima kovu la namna hiyo kwa subira kuliko wengine ni Beatrice Willard. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mwanabotania huyu aliweka uzio kuzunguka vipande vidogo vya ardhi kando ya barabara ya Trail Ridge, inayopanda hadi mita 3,713 katika Hifadhi ya Rocky Mountain, Colorado. Vipande vingine vilikuwa vimekanyagwa sana, vingine kidogo. Akawa anarudi kuangalia. Yeye na John Marr walichapisha matokeo mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hitimisho lao lilikuwa zito: pale ambapo udongo wenyewe umeondoka, mlima ukiachwa ujiponye peke yake unaweza kuhitaji karne kadhaa. Vipande vile vya Willard viliingizwa mwaka 2007 kwenye orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria ya Marekani. Ni heshima ambayo kwa kawaida hupewa majengo na viwanja vya vita, na viwanja vile vya utafiti vinaistahili.

Kusubiri karne kadhaa ni sawa na kukata tamaa, na wapo waliokataa. Katika hifadhi ya North Cascades, jimbo la Washington, mpito wa Cascade ulikuwa umechakaa kwa mahema na mioto ya kambi. Kuanzia takriban mwaka 1970, Joseph na Margaret Miller, mume na mke waliojitolea, walifanya majaribio ya kuuotesha upya. Njia iliyodumu ilikuwa ile ya taabu zaidi: kukusanya mbegu na vipandikizi hukohuko juu, kuvilea katika kitalu nyumba bondeni, kisha kurudisha miche mlimani. Kazi hiyo baadaye ilipata makao katika kitalu cha hifadhi kilichoko Marblemount, na hifadhi nyingine za milimani zina vitalu vyao vya namna hiyo, kikiwamo kile cha Glacier.

Mtu anaweza kujiuliza kwa nini wasichukue mbegu tu wakazimwaga. Jibu liko ndani ya mbegu.

Mbegu za junkasi ni ndogo mno. Za Juncus effusus, aina iliyoenea duniani hadi kwenye vinamasi vya nyanda za juu za Afrika Mashariki, zina urefu wa nusu milimita hivi, na gramu moja hubeba makumi ya maelfu. Zikiwekwa kiganjani, mtu atadhani amepewa ugoro. Za Juncus drummondii na Juncus parryi ni kubwa kidogo, na kila moja ina vijimkia vyeupe kwenye ncha zote mbili, ambavyo huipa upepo mahali pa kuishikia.

Udogo huo una gharama yake. Mbegu ya harage ina chakula cha kutosha kusukuma mche kupitia sentimita kadhaa za udongo. Ya junkasi haina akiba hiyo. Ikiota chini ya udongo, itakufa gizani kabla ya kufika juu. Kwa hiyo inahitaji kujua kama iko juu au imefukiwa, na kipimo chake ni mwanga. Ndani ya mbegu kuna protini iitwayo fitokromu, inayobadilika umbo ikipigwa na mwanga mwekundu wa jua na kurudi katika umbo la kwanza ikipata ule mwekundu ulio ukingoni mwa uwezo wa macho ya binadamu, ambao ndio mwingi chini ya kivuli cha majani. Siri hiyo iligunduliwa kwa mbegu za saladi na watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani huko Beltsville, Maryland, waliochapisha kazi yao maarufu mwaka 1952. Mbegu ya junkasi iliyo wazi juani hupokea ishara ya kuota. Iliyofukiwa, au iliyofunikwa na majani ya mimea mingine, hungoja.

Mwanga peke yake, hata hivyo, hautoshi huko juu. Fikiria mbegu iliyodondoka Septemba kwenye mpito wa Logan. Udongo una unyevu, jua bado lina joto mchana, kila kitu kinaita. Ingeota wakati huo, baada ya wiki chache ingekuwa mche wenye majani mawili mbele ya barafu ya Oktoba, na ndio mwisho wake. Mimea iliyofanya kosa hilo haikuacha watoto. Iliyobaki ni ile ambayo mbegu zake hukataa kuota zinapoiva, hata zikipewa maji, mwanga na joto. Hali hiyo vitabu vya kilimo huiita ubwete, na watu wa vitalu huiita usingizi.

Usingizi huu unaendeshwa na mvutano wa homoni. Asidi ya absisiki huishikilia mbegu isiote. Jiberelini huisukuma ianze. Mbegu ikikaa kwenye baridi yenye unyevu kwa muda mrefu, baridi ya nyuzi joto sifuri hadi kumi, na hasa karibu na tano, ile ya kwanza hupungua nguvu na mbegu huanza kuisikia ile ya pili. Sharti la unyevu ni la msingi. Mbegu kavu ikiwekwa kwenye friji mwaka mzima hutoka vilevile ilivyoingia, kwa sababu baridi hufanya kazi kwenye mbegu iliyokwisha kunywa maji. Na baridi kali mno haisaidii, kwa kuwa kilichogandishwa kimesimamishwa.

Hapo ndipo theluji inapoonyesha kazi yake. Kwa mtu wa Tanga au Kisangani, theluji ni baridi kuu. Kwa mbegu iliyo chini yake, theluji ni kifuniko. Hewa ya juu inaweza kushuka hadi nyuzi ishirini chini ya sifuri, lakini udongo uliofunikwa na mita mbili za theluji hubaki karibu na sifuri, una unyevu na umetulia miezi yote hiyo. Huko Paradise theluji hujazana kupita kiasi: majira ya baridi ya mwaka 1971 hadi 1972 ilianguka jumla ya mita 28 na nusu. Ardhi ikifunuliwa, Juni au Julai, mbegu imeshahesabu miezi yake ya baridi, jua liko juu kabisa, na maji ya theluji inayoyeyuka yanapita mlangoni. Wakati huo ndio wa kuota, na dirisha ni wiki nane hadi kumi na mbili tu kabla theluji haijarudi.

Mbegu ambayo haikuridhika na masharti ya mwaka huu haipotei. Hubaki ardhini hadi mwaka ujao, au mwaka wa hamsini. Charles Darwin alilishangaa jambo hili kabla ya mtu yeyote kujua habari za homoni. Alichota vijiko vitatu vya matope kutoka ukingo wa kidimbwi, akayaweka yakiwa yamefunikwa chumbani kwake kwa miezi sita, akawa anang'oa na kuhesabu kila mche unaojitokeza. Alipata mimea 537, kutoka matope yaliyoenea kwenye kikombe kimoja cha chai ya asubuhi. Huko Alaska, watafiti wakiongozwa na James McGraw, kwenye miaka ya 1980 na 1990, walichimba tabaka za udongo uliofunikwa na mteremko unaoteleza polepole wa ardhi yenye barafu, wakazitoa mbegu za Luzula parviflora, ambayo ni ya familia moja na junkasi. Mbegu zilizokisiwa kulala zaidi ya karne moja ziliota, na mimea iliyotokana nazo ikapandwa karibu na mimea ya leo ili ilinganishwe. Watu hao walikuwa wakimwagilia maji mimea ambayo mama zake walikauka kabla bibi zao hawajazaliwa.

Mkulima wa kitalu hana karne. Ana mwaka mmoja na kidogo kati ya kuchuma na kupanda mlimani, na kazi yake ni kuirudishia mbegu masharti ya mlima bila mlima wenyewe.

Huanza na kukausha. Mifuko ya karatasi huachwa wazi mahali penye hewa mpaka vifuko vya mbegu vifunguke vyenyewe. Plastiki hairuhusiwi, maana kichwa chenye unyevu huvunda ndani yake kwa siku mbili. Kisha vichwa husuguliwa taratibu juu ya chekeche lenye matundu madogo, makapi hubaki juu, vumbi la kahawia huanguka chini. Kupeta kwa ungo, jambo ambalo kila bibi wa pwani angelipendekeza, hapa ni hatari: pumzi moja ya nguvu na mavuno ya siku nzima yamekwenda.

Oktoba au Novemba mbegu hupandwa. Trei hujazwa mchanganyiko mwepesi wa mboji na kokoto nyeupe za perlaiti, hulowanishwa vizuri na kusawazishwa kwa kibao. Mbegu huchanganywa na mchanga mkavu laini ili mkono uweze kuzitawanya sawasawa, kisha hunyunyizwa juu, na hapo ndipo wengi wanaozoea kupanda mboga hukosea: hazifukiwi. Hubonyezwa kidogo zigusane na udongo, basi. Maji hayamwagwi juu, kwa kuwa tone moja zito hukusanya mbegu zote pembeni. Trei huwekwa ndani ya beseni lenye maji ili zinywe kutoka chini, au hunyunyiziwa ukungu mwembamba sana. Mbegu ikilowa, ngozi yake hutoa utelezi unaoigandisha mahali pake.

Kisha trei hutolewa nje na kuachwa. Katika Montana si lazima kununua friji. Majira ya baridi yanatosha. Watu wa Glacier huziacha trei za junkasi za milimani nje kwa takriban miezi mitano, theluji ikianguka juu yake na kuzifunika. Asiye na theluji hutumia friji yenye nyuzi nne, trei au mbegu zikiwa zimefungwa na unyevu wake. Wapo wanaojaribu kufupisha safari kwa kuziloweka mbegu kwenye jiberelini ya dukani. Njia hiyo huamsha mbegu za mimea mingi, lakini mara nyingi hutoa miche mirefu na dhaifu, na kwa mmea utakaokabidhiwa kwa upepo wa mita 2,000, subira ya miezi mitano ni bora.

Majira ya kuchipua yakiingia, trei huhamishiwa kwenye kitalu nyumba, ambako mchana una nyuzi ishirini hivi na usiku huachwa upoe sana. Kupanda na kushuka huko kwa joto nako ni ishara. Ndani kabisa ya udongo joto halibadilikibadiliki; juu hubadilika kila siku, na mbegu hulitambua hilo. Baada ya wiki moja hadi tatu uso wa trei hupata rangi ya kijani hafifu. Ukiinama na lenzi utaona kila mche ni uzi mmoja, ncha yake bado imevaa ganda la mbegu.

Wiki zinazofuata ndizo za hasara. Uso ulio na maji kila saa hupendwa pia na kuvu na mwani, na hivyo hukua haraka kuliko junkasi. Mtunza kitalu hupunguza maji kidogo kidogo, hufungua madirisha, na miche ikifikisha majani mawili matatu huihamisha kwenye vyombo vyembamba vya plastiki vilivyo virefu kuliko vilivyo vipana, ili mizizi ishuke moja kwa moja. Mwezi mmoja kabla ya kupelekwa mlimani, miche hutolewa kivulini, hunyimwa mbolea na kuzoeshwa baridi ya usiku. Mche ulionenepeshwa kwa nitrojeni hupendeza bondeni na kufa mlimani.

Hupandwa Septemba, muda mfupi kabla ya theluji. Mgeni anaweza kuona ni kinyume, lakini hesabu yake ni nzuri: udongo una unyevu, jua halichomi tena, wageni wamepungua, na kifuniko kinakaribia kufika. Miche hubebwa mgongoni, na kule kusikofikika huletwa kwa helikopta. Adui mkubwa anayeingoja ni barafu ya sindano. Usiku maji ya udongo huganda yakisimama wima, huuinua mche mzima pamoja na mizizi yake, na mchana yakiyeyuka huuacha umelala ubavu. Kwa hiyo ardhi hutandikwa wavu wa nyuzi za mti uliochanwa au wa makumbi ya nazi, uleule uzi ambao pwani ya Afrika Mashariki husokota kamba. Wavu huo hushika udongo miaka michache kisha huoza na kuuachia mmea.

Mawe nayo yana kazi. Kwenye uwanda wa Beartooth, mpakani mwa Montana na Wyoming, Jeanne Chambers na wenzake walipima mahali mbegu za milimani zinaponaswa, na matokeo yao ya mwaka 1991 yalionyesha kwamba ardhi yenye changarawe kubwa hushika mbegu nyingi kuliko udongo laini uliosawazishwa, ambao upepo huufagia. Fundi wa barabara anayelainisha ukingo kwa greda anadhani anaupendezesha. Kwa mbegu amekwisha kuondoa kila shimo la kujificha.

Na mbegu yenyewe haichukuliwi popote. Sera ya Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani inataka mmea unaorudishwa uwe wa asili ya mahali pale, na sababu ni ya kazi kabisa. Junkasi ya mita 2,000 imejifunza urefu wa baridi ya mita 2,000. Mbegu ya aina ileile iliyochumwa bondeni inaweza kuamka mapema mno. Katika eneo la machimbo ya McLaren, karibu na Cooke City, Montana, ambako mawe ya mgodi yaliufanya udongo kuwa na asidi, watafiti wa idara ya misitu walioanza kupanda miaka ya 1970 waliona nyasi za dukani zikidhoofika mbolea ilipokoma, huku mimea ya asili ikiendelea.

Familia hii ina jamaa zake kwenye milima ya Afrika Mashariki. Luzula abyssinica huota Kilimanjaro na Mlima Kenya, kwenye ukanda wa vichaka na nyasi za juu, na Luzula johnstonii inabeba jina la Harry Johnston, aliyekaa Kilimanjaro mwaka 1884. Lakini kanuni ya miezi mitano haiwezi kutolewa Montana ikabandikwa Kilimanjaro. Karibu na ikweta hakuna msimu wa theluji wa kufunika ardhi. Baridi huja kila usiku na joto kila mchana, mwaka mzima. Anayetaka kuotesha mimea hiyo aanze na tofauti ya mchana na usiku, si na friji. Adui naye ni yuleyule: barafu ya sindano huinua udongo karibu kila usiku kwenye mabonde ya juu ya Mlima Kenya, na njia iliyokanyagwa ikishapoteza majani, huchimbika na kuwa mfereji msimu wa mvua. Andreas Hemp, aliyechunguza uoto wa Kilimanjaro kwa miaka mingi, ameandika pia kuhusu mimea ya kigeni inayopanda mlima kwa kufuata njia za watalii na kambi zao. Mbegu nyingine husafiri kwenye tope la viatu.

Mwongozaji wa watalii na mpagazi, basi, wana uwezo kuliko mtafiti yeyote. Wakimzuia mgeni asikate kona ya njia, na wakisisitiza viatu vipigwe brashi langoni kabla ya safari, watakuwa wameokoa kazi ya kitalu ya miaka mingi.

Na kwa mwalimu wa biolojia wa Njombe, Limuru, Kabale au Bukavu, jaribio la Darwin halihitaji bajeti. Chota vijiko vitatu vya matope kwenye ukingo wa kinamasi kilicho karibu, kwa ruhusa ya wenyewe, na nje ya hifadhi. Yatandaze kwenye sahani pana yenye matundu chini, isimamishe ndani ya beseni lenye maji kidogo, ifunike kwa kioo na uiweke dirishani. Usifukie chochote. Wanafunzi wang'oe na kuhesabu kila mche unaotokea, kwa muhula mzima, na waandike tarehe.